Jiwe la juu ya nyumba kwanza, tetemeko baadaye

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa jijini Mwanza, tumejenga Bugarika, mlimani. Nyumbani ni Bukoba; tetemeko la 2016 liliangusha ukuta wa nyumba ya wazazi wangu. Sasa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule inazunguka sauti ya mtu anayesema tetemeko kubwa linakuja mwezi huu na Ziwa Victoria litalipuka. Mume wangu, mfanyabiashara wa dagaa wa Ukerewe, anacheka tu: eti Mwanza ni mawe matupu, haitikisiki. Mimi silali. Juu ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa kama daladala, na jirani aliye chini yake ameanza kuchimba apanue kiwanja. Nyumba ya kaka yangu huko Magu nayo ina nyufa, na wazazi wanataka kuuza kiwanja cha Bukoba. Tuhame? Na darasani, nikiwa na watoto zaidi ya mia, nifanye nini siku ikitokea?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hiyo sauti ifute, uwaombe na wazazi wenzako waifute. Hakuna taasisi yoyote, iwe ya Marekani, Japani au ya kwetu Dodoma, inayoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Wajapani wana mitambo ya kupiga king'ora sekunde chache kabla mtikiso haujawafikia watu walio mbali, lakini hata king'ora hicho hulia baada ya tetemeko kuwa limeshaanza ardhini. Anayekupa tarehe anakudanganya, hata akiitaja NASA.

Kuhusu ziwa kulipuka, hapo wamechanganya maziwa. Lenye gesi ni Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Kina chake kinakaribia mita 480, maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, na kwa sababu hiyo hewa ya ukaa na methani zimejikusanya huko chini kwa shinikizo kubwa. Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa hewa ya ukaa ya namna hiyo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na watu wapatao 1,700 wakafa. Victoria ni pana mno, lakini kina chake ni kifupi: penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, na upepo huyakoroga maji yake kila mwaka. Gesi haipati pa kujificha. Mawimbi yanayozamisha watu kwenye ziwa letu ni ya upepo, na hayo nitayarudia kwa sababu ya mumeo.

Mumeo amesema kweli, ila hakuimaliza. Bonde la Ufa lina matawi mawili. La magharibi linashuka kutoka Ziwa Albert, linapita Kivu na Tanganyika hadi Rukwa na Nyasa. La mashariki linatoka Kenya na kuingia kwetu kwa Natron na Manyara. Sisi tuko katikati, juu ya kipande cha ardhi kikongwe, chenye miamba ya umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kinene na kilichopoa. Kipande hiki nacho kinajizungusha, polepole mno, milimita chache kwa mwaka, kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Kinapojizungusha, panapochanika ni pembeni. Ndiyo maana matetemeko makubwa ya ukanda huu utayakuta kwenye kingo: Rukwa tarehe 13 Desemba 1910, linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, Toro, Uganda, mwezi Machi 1966, Ziwa Tanganyika tarehe 5 Desemba 2005, ukubwa wa 6.8, Gelai karibu na Natron mwaka 2007, kabla Oldoinyo Lengai haujatapika tena.

Mawe yenyewe ya Mwanza ni ushahidi upande wa mumeo. Yale yaliyopandana, moja limekaa juu ya jingine kwa kitako kidogo, kama lile la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni pale majini, hayawezi kuvumilia mtikiso mkali sana. Wanajiolojia wa nchi nyingine huyatafuta mawe ya namna hiyo kwa makusudi: yakiwa bado yamesimama, basi kwa muda mrefu sana mahali hapo hapajapigwa na tetemeko la kuyaangusha. Kwa hiyo mzee wa dagaa asinyimwe haki yake.

Alipokosea ni hapo kwenye "haitikisiki". Mwamba mgumu na mkongwe husafirisha mtikiso mbali, ndiyo maana watu wa Mwanza walilisikia lile la Kagera japo chanzo chake kilikuwa ng'ambo ya ziwa, karibu na Nsunga kule Missenyi, kilomita kama 40 chini ya ardhi. Tena Nsunga haiko ndani ya Bonde la Ufa. Iko pembeni kwake, mahali ambapo wengi hawakupatazamia. Kusema "huku hakuna" ni kubahatisha. Sema "huku ni nadra", utakuwa salama.

Sasa twende Bukoba, kwa sababu funzo lenye manufaa kwako liko kule. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri. Ukubwa ulikuwa 5.9, ambao kwa vipimo vya dunia ni wa wastani; lile la Tanganyika la 2005 lilitoa nguvu zaidi ya mara 20 ya hilo. Hata hivyo walikufa watu wasiopungua 17, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka. Sekondari za Ihungo na Nyakato (Nyakato ya Bukoba, si hii yetu ya barabara ya Musoma) zikafungwa. Mshukuru Mungu ilikuwa Jumamosi na jua bado linawaka. Ingekuwa saa 4 asubuhi ya siku ya shule, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Kwa nini tetemeko la wastani liue? Kwa sababu ya kuta. Tofali la kuchoma lililopangwa kwa udongo, au kwa saruji iliyonyunyizwa kama chumvi, hubeba uzito wa paa bila shida miaka hamsini, maana uzito unashuka chini wima. Tetemeko linasukuma kwa upande. Ukuta usiofungwa na ukuta mwenzake huachana naye kwenye kona, unapinda nje, unalala. Cha kwanza kuanguka mara nyingi ni ile pembetatu ya tofali iliyo juu, chini ya paa la migongo miwili, ambayo mafundi wetu huipandisha baada ya lenta bila kuifunga na chochote. Nadhani nikikuuliza ni ukuta upi wa wazazi ulioanguka, utaniambia ama ni huo, ama ni wa kona.

Dawa yake si ghali kama watu wanavyodhani. Ni mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha na milango, kuta za ndani zikiwemo, bila kukatika popote. Nondo 4 za milimita 12, ringi (vyuma vyembamba vya kuzifunga nondo pamoja) kila sentimita 20, na kwenye kona nondo zikunjwe ziingie ukuta wa pili angalau nusu mita. Hapo kwenye kona ndipo fundi wa haraka anapokuibia: anazikata nondo zinapokutana, anamwaga zege, kwa macho huoni tofauti yoyote. Simama pale kabla zege halijamwagwa. Kenchi zifungwe kwenye mkanda kwa nondo au waya uliolazwa humo humo ndani ya zege, maana upepo wa ziwani nao huezua mapaa ambayo tetemeko lisingeyagusa. Madirisha yakae mbali na kona, sentimita 60 au zaidi. Na tofali: fundi anayejisifu kwamba mfuko mmoja wa kilo 50 unampa tofali 50 za nchi 6 anakuuzia mchanga uliosimama. Ikifika 30, mwambie basi.

Nyumba iliyokwisha kujengwa huwezi kuibomoa, lakini ile pembetatu ya juu unaweza kuishusha ukaziba kwa mbao au bati. Ni kazi ya siku chache, na kwa maoni yangu hakuna fedha nyingine kwenye nyumba ya kawaida inayookoa uhai kwa bei hiyo.

Hayo ni ya tetemeko. Kwako wewe, Mwalimu, tetemeko si la kwanza. La kwanza ni jiwe.

Lielewe lilivyotokea. Haya mawe ya milima yetu hayakurundikwa na mtu wala hayakuviringika kutoka popote. Yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi, wenye mipasuko ya wima na ya kulala. Maji yakapita kwenye mipasuko kwa muda usiohesabika, yakaiozesha graniti pande zote za kila kipande hadi ikawa ule udongo wa changarawe nyekundu unaouona ukichimba msingi. Vipande vya katikati vikabaki vigumu, vya mviringo. Mvua ikauondoa udongo, mawe yakajitokeza yalipo. Kwa hiyo jembe la jirani yako linaendeleza kazi ile ile ya mvua, ila kazi ya miaka elfu analifanyia jiwe kwa wiki mbili.

Ninachotaka ujue mapema ni kama jiwe lako limekaa juu ya mwamba au juu ya udongo. Lizunguke wakati wa kiangazi. Likiwa limeungana na mwamba mama, au kitako chake chote kiko juu ya jiwe jingine pana, hata likionekana la kutisha lina nafasi nzuri ya kubaki limesimama hata baada yako wewe na wajukuu zako. Likiwa limekalia udongo, na udongo huo uko kwenye mteremko, na sasa mtu anakata mteremko huo chini yake, hilo ndilo la kukunyima usingizi, na unakosa usingizi kwa haki. Tazama dalili: ufa mpya ardhini upande wa juu wa jiwe, mstari wa rangi iliyopauka kwenye jiwe pale lilipokuwa limefunikwa na udongo jana, mti au nguzo ya umeme iliyoanza kuinama, maji kuchuruzika chini ya jiwe mahali palipokuwa pakavu. Dalili hizi zikija pamoja na mvua ya masika, usisubiri mkutano wa mtaa. Lala kwa ndugu.

Maji ndiyo adui mkubwa hapa, kuliko hata jembe. Udongo ule wa changarawe ukiwa mkavu hushika vizuri. Ukilowa hadi ndani unateleza. Angalia basi maji yanatoka wapi. Mara nyingi hayatoki mbinguni peke yake: ni bati la nyumba ya juu lisilo na mfereji, ni bomba linalovuja miezi, ni shimo la choo lililochimbwa nyuma ya jiwe. Mfereji wa saruji unaokatiza juu ya jiwe na kuyapeleka maji pembeni, penye njia ya maji ya mtaa, hugharimu kidogo kuliko kuhama, na jirani wa juu akikubali kuvuna maji ya bati lake kwenye tangi, mmepata na maji ya kufulia.

Jirani wa chini ni jambo gumu zaidi maana ni la watu. Usiende kugomba. Nenda naye, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, mkalitazame jiwe kutoka pale anapochimba yeye. Likianguka litapita kwake kabla ya mtu mwingine yeyote, na huenda hajawahi kulitazama kwa jicho hilo. Asiposikia, andika barua kwa mtendaji, nakala kwa mhandisi wa halmashauri, uombe uchimbaji usimame mpaka eneo likaguliwe. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma nayo ina watu wa kazi hii, na ombi lililopitia halmashauri lina uzito kuliko simu ya mtu mmoja.

Na mkikubaliana kulivunja, msilichome. Najua ndiyo njia iliyozoeleka: matairi au kuni chini ya jiwe, likipata moto linapasuka, akina mama wanagonga kokoto. Kwa jiwe lililo chini kwenye uwanda sina ugomvi nayo sana, ukiacha moshi. Kwa jiwe lililo juu ya nyumba za watu ni hatari, kwa sababu moto unalipasua upande wa chini, yaani unaondoa kile kile kilicholishikilia. Jiwe la mlimani hupunguzwa kuanzia juu, kwa kabari na nyundo. Upo pia unga maalumu unaochanganywa na maji na kumiminwa kwenye matundu yaliyotobolewa. Ukivimba unalipasua jiwe bila mlipuko. Siku ya kazi hiyo nyumba zote za chini ziwe tupu.

Nyufa za kaka yako wa Magu sidhani zina uhusiano na tetemeko. Ukanda ule una udongo mweusi wa mbuga, ambao ukipata maji hujaa na ukikauka hujikunja hadi ardhi inapasuka mtu akaingiza mkono. Mwambie azitazame mwaka mzima: zikipanuka kiangazi na kujifunga masika, tena zikishuka kwa ngazi kutoka kona za madirisha, ni udongo unaopumua chini ya msingi mfupi. Asizibe kwa lipu kila mwaka, anatupa saruji. Bora aweke sakafu ya nje kuzunguka nyumba, upana wa mita moja na zaidi, ili udongo wa chini ya msingi usilowe na kukauka kwa zamu. Asipande mti mkubwa karibu na ukuta. Wasukuma wa zamani walijenga kwenye luseni, penye mchanga, na mbuga wakaiachia mpunga na malisho. Viwanja vya kupimwa siku hizi havijali.

Darasani. Watoto mia na mlango mmoja: usikimbize mtu. Mtikiso wenyewe huisha kwa sekunde chache, ambazo hazitoshi kutoa hata safu mbili, lakini zinatosha kabisa kukanyaga mtoto mlangoni. Wakati wa mtikiso wainame chini au kando ya madawati, mikoba au mikono juu ya vichwa na shingo, wasogee mbali na madirisha na ukuta wa mwisho wa jengo. Ukitulia, watoke safu kwa safu hadi uwanjani, mbali na kuta, na wasirudi kuchukua daftari wala viatu, maana mitikiso midogo hufuata na kuta zilizopasuka huangushwa na hiyo. Fanyeni zoezi hili baada ya mstarini, mara moja kila muhula. Nyumbani ni tofauti kidogo: ukiwa hatua mbili tatu kutoka mlangoni kwenye nyumba ya chini, toka. Ukiwa ndani kabisa, ingia chini ya meza imara.

Zoezi la namna hiyo lifanyieni na radi, ambayo kwa shule za kanda hii ningeiweka mbele ya tetemeko bila kusita. Mkoani Geita radi imeua wanafunzi wakiwa darasani. Ukisikia ngurumo, radi tayari inaweza kukufikia. Watoto waingie ndani, wakae mbali na nondo za madirisha, bomba na kuta za nje, wasisimame chini ya mwembe, na michezo isirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wazee wetu husema kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu; sitabishana nao, ila kioo kilichofunikwa hakijawahi kuzuia chochote. Kamati ya shule iombe kinga ya radi iliyofungwa na fundi anayejua kupima waya wa ardhini.

Na mumeo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa na mawingu hujijenga nchi kavu. Usiku hugeuka: upepo hutoka pande zote za nchi kavu kuelekea majini, unakutana katikati, na maji ya ziwa yana joto. Ndiyo maana dhoruba kali za Victoria huja usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa zile zile wavuvi wa dagaa wako na taa zao na mitumbwi ya mizigo iko njiani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Autazame jioni, avae jaketi la kuokolea badala ya kulikalia, na mzigo ukizidi alale kisiwani. Akikucheka kuhusu tetemeko, mjibu kwa hilo.

Kuhama, basi. Ukikuta jiwe liko juu ya mwamba, kaeni, mtengeneze mfereji, mshushe ile pembetatu ya tofali. Ukikuta liko juu ya udongo na jirani hasikii, pangeni kwingine masika hii huku barua ikitembea, halafu muamue kuhusu kuuza. Msikimbilie ufukweni kwa kukwepa mlima: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe lilikumbusha sababu mwaka 2020, lilipopanda hadi kuivuka rekodi ya 1964 na kuingia majumbani mwa watu.

Kiwanja cha Bukoba wazazi wasikiuze kwa sababu ya tetemeko. Kama kiko bondeni penye udongo laini wa mto, hapo ningesita, kwa kuwa udongo laini huukuza mtikiso. Kama kiko juu, penye ardhi ngumu, wajenge nyumba ya chini, paa la pande nne, mkanda mzima, na wewe uwe pale siku fundi anapokunja nondo za kona.